Mgombea wa Gunia

Jumatatu, 23 Machi

Nimechukua fomu. Naandika kabla sijabadili nia, maana jambo likishaandikwa kwa wino huona haya kufutika.

Nagombea uenyekiti wa kanda wa Chama cha Wakufunzi wa Simulesheni ya Afya, uchaguzi tarehe kumi na sita Mei. Jina refu, kazi yake nyepesi kueleza: sisi ndio tunaowafundisha wauguzi na wakunga kwa mwanasesere kabla hawajamgusa mgonjwa. Unamzalisha mwanasesere, anatoka damu ya bandia, unakosea, hafi mtu, unarudia. Mwenyekiti wetu ni Dakta Ridhiwani, na kiti hicho amekikalia miaka tisa. Chama kina wanasesere watatu wa plastiki waliotolewa na wafadhili. Wako Kibiti mjini, stoo, kwa kufuli. Mara tatu nimeandika kuomba mmoja aletwe huku deltani. Mara tatu nimejibiwa kwamba vifaa vile ni vya thamani, huku vitaharibika.

Mwezi wa Shaabani mama mmoja alikufa kwenye zahanati jirani, kisiwa cha pili kutoka kwetu Mbwera. Alitoka damu baada ya kujifungua. Muuguzi aliyekuwa naye amehudhuria semina, cheti anacho. Aliniambia, "Sista Mwamini, kichwa changu kilijua cha kufanya. Mikono ndiyo haikujua." Neno hilo lilinikaa kooni Ramadhani nzima kama mwiba wa samaki. Idi imepita, nimechukua fomu.

Haruna, mume wangu, alikuwa ukumbini anasafisha plagi za injini ya boti lake.

"Mama Ashrafu, umechukua fomu bila kuniuliza?"

"Nakuuliza sasa."

"Sasa huniulizi. Unanijulisha."

Ni kweli.

Alhamisi, 26 Machi

Mvua. Kliniki wajawazito tisa, wote wamelowa mpaka kadi.

Jumanne, 31 Machi

Leo nimefundisha. Sina mwanasesere wa wafadhili, nina gunia. Nililishona mwenyewe miaka sita iliyopita: nyonga za gunia la mchele lililojazwa sufi, mji wa mimba wa sweta kuukuu, mfuko mtupu wa dripu umefichwa ndani na kujazwa maji ya choya. Ukifungua mrija, damu inatoka, nyekundu, haikomi mpaka mikono ikae panapotakiwa.

Walikuja wauguzi wanne kutoka vituo vya jirani. Wa tano ni nesi wangu mwenyewe, Zawadi, ambaye mwili wake uko Mbwera lakini roho yake iko Dar. Miezi saba kazini, barua mbili za kuomba uhamisho. Alisimama nyuma akipiga picha kwa simu.

"Zawadi, njoo ufanye."

"Sista, si nishaona?"

"Kuona si kufanya. Njoo."

Akaja kwa kuburura miguu. Mara ya kwanza mgonjwa wake wa gunia alimfia. Mara ya pili akafa tena. Ya tatu Zawadi akawa anatoka jasho, na hakuipiga picha hiyo. Ya tano damu ikakoma. Akaangalia mikono yake myekundu, akasema, "Hii kitu noma," akaenda kunawa.

Jumatano, 1 Aprili

Matroni Hadija amenipigia. Alikuwa mwalimu wangu chuoni. Ndiye aliyeshika viganja vyangu akavipeleka kwenye tumbo la mama wa kwanza niliyemzalisha. Amestaafu, anaishi Kibiti, lakini ndani ya chama akisema neno limesemwa. Nilipoona jina lake nikadhani anapiga kunipa hongera.

"Mwanangu, jitoe."

"Kwa nini, Mama?"

"Kila jambo lina zamu yake. Mwache Ridhiwani amalize muhula mmoja tu, halafu tutakutazama."

"Mara ya mwisho kuniambia hivyo nilikuwa na mimba ya Ashrafu. Ashrafu yuko darasa la nne."

"Usinijibu kisiasa."

"Nakujibu kama ulivyonifundisha. Ulisema damu ikitoka mkunga hasubiri ruhusa."

Akakata simu. Nilijisikia vibaya, nikamtumia moja ya picha za Zawadi, gunia na wauguzi wakicheka, nikaandika: *Tazama wajukuu zako.* Hakujibu.

Jumapili, 5 Aprili

Maji yamepanda. Shamba la mpunga la Bi mkubwa wa jirani limezama nusu. Hakuna aliyezaa, hakuna aliyeumwa.

Jumapili, 12 Aprili

Picha ya gunia langu iko kwenye kundi la WhatsApp la chama, watu mia na ushee. Imeandikwa chini: *Mgombea wa gunia.* Vichekesho vimefuata. Mmoja ameuliza kama gunia hilo ni la kilo hamsini au mia. Mwingine amesema tukimchagua huyu mwakani tutafundishwa kwa boga.

Halafu ikaja barua ya kamati ya uchaguzi. Kuna pingamizi. Inadaiwa mafunzo yangu hayatambuliki kwa sababu sina mwanasesere wa viwango. Niende Kibiti Jumamosi kujieleza.

Nilimfuata Zawadi chumba cha sindano.

"Nani ulimtumia zile picha?"

"Picha gani?"

"Usinifanye mtoto."

Akaweka chini sindano aliyoishika. "Sista, mimi nikitaka kukuchoma, nitakuchoma usoni. Sina huo muda wa kuzunguka." Akaendelea kupanga sindano zake.

Sikumwamini. Haruna alipoona picha hakucheka. Alisema kitu kimoja tu: "Jumamosi nitakupeleka mwenyewe. Usipande boti la mtu."

Jumamosi, 18 Aprili

Niandike yote.

Tuliondoka alfajiri na maji kujaa, nimefunika daftari langu la mafunzo kwa mifuko mitatu ya nailoni. Bandarini Nyamisati tukaliacha boti, tukapanda gari. Njia imekuwa tope, tulishuka mara mbili kusukuma. Nilifika mbele ya kamati nikiwa na tope mpaka magotini, na sikulipangusa.

Katibu wa kamati ni Bwana Mtoro, mfamasia mstaafu, mtu mkavu asiyecheka na yeyote, awe mkubwa awe mdogo. Pembeni alikaa Dakta Ridhiwani, shati limepigwa pasi.

Bwana Mtoro akasoma: mgombea lazima awe ameendesha mafunzo yasiyopungua kumi na mawili. "Umeendesha mangapi, Sista?"

Nikafungua daftari. "Arobaini na saba. Tarehe, mahali, majina, sahihi. Wakunga wa jadi wameweka dole gumba."

Likapita mkono kwa mkono. Dakta Ridhiwani alifungua kurasa mbili tatu, akalifunga kwa upole. Nitasema ukweli, si mtu wa kelele.

"Hakuna anayekataa juhudi zake," akasema. "Swali ni je, kwa kifaa gani? Tukiruhusu gunia leo, kesho viwango viko wapi?"

Bwana Mtoro akanigeukia. Nikaelekeza kidole kwenye karatasi yake.

"Katibu, soma tena hicho kifungu. Kimeandikwa mafunzo. Hakikuandika plastiki."

Akakisoma. Akakisoma tena, kidole kikifuata mstari. Akavua miwani. "Hakikuandika plastiki," akasema. "Mgombea anabaki."

Nilipokuwa nasaini, karatasi ya pingamizi ilikuwa wazi mezani. Picha ya gunia imebandikwa, ile ile niliyoituma mimi na maneno yangu ya *wajukuu zako*, na chini yake sahihi ninayoijua tangu chuoni, ile Hadija yenye mkia mrefu. Nilisimama nikiitazama mpaka Bwana Mtoro akaigeuza.

Basi si Zawadi. Ni Mama.

Nje, Dakta Ridhiwani akanisubiri kivulini. "Mdogo wangu, tusigombane. Nitakuweka mjumbe wa visiwa. Na mwanasesere mmoja atakuja Mbwera mwezi huu huu. Wewe andika tu barua ya kujitoa."

Nikamwambia nitafikiri.

Jumatatu, 20 Aprili

Nafikiri.

Jumanne, 21 Aprili

Mwanasesere mmoja, mwezi huu, zahanati kwangu. Si ndicho nilichoomba mara tatu? Ninataka kiti au ninataka akina mama wasife? Nimejiuliza hivyo siku tatu, nikipima presha, nikipika, nikiswali.

Nimemuuliza Haruna. Alikuwa anakula.

"Akikupa leo, akikasirika mwakani?" akasema.

"Atamchukua."

"Na wauguzi wa Nyamwage? Na wa Mahege? Wao wamepewa nini?"

"Hawajapewa kitu."

"Basi hilo si jibu la barua zako. Hiyo ni bei yako." Akaendelea kula.

Mwezi mmoja uliopita mtu huyu alinung'unika kwa sababu ya fomu.

Nimemwandikia Dakta maneno saba: *Ahsante. Sijitoi. Tukutane tarehe kumi na sita.*

Ijumaa, 24 Aprili

Sijamwomba Zawadi radhi. Kila nikianza, mgonjwa anaingia. Au najitafutia mgonjwa.

Jumatatu, 27 Aprili

Ni usiku sasa, ndipo naweza kuandika.

Nilichukua ruhusa ya siku mbili kwenda Mahege kuomba kura. Wauguzi sita walikuja kunisikiliza kwenye varanda ya zahanati yao, mvua inapiga bati, nikipaza sauti. Saa sita na dakika ishirini simu ikaita. Zawadi.

"Sista, kuna mama kajifungua, kondo la nyuma limetoka lote, lakini damu haikati. Nimempa sindano. Haikati, Sista."

"Kibofu?"

"Nimekitoa mkojo. Nimemkanda tumbo. Mji wa mimba umelegea, laini kama mkate uliolowa."

"Boti la wagonjwa?"

"Nimeliita. Maji yamekupwa, limekwama."

"Mpe sindano ya pili. Halafu mikono miwili, Zawadi. Ngumi ndani, mkono wa pili juu ya tumbo, bana. Usiachie. Hesabu kwa sauti..."

Simu ikakata. Nikapiga. Haipatikani. Nikapiga mara ishirini na moja, nimeona kwenye simu. Haipatikani.

Muuguzi mmoja alinifungia mkoba wangu. Nikapata pikipiki, nikapata gari, nikafika Nyamisati, nikangoja maji yajae nimesimama mvuani kwa sababu sikuweza kukaa. Wakati wote huo nilikuwa naona uso wa yule muuguzi wa Shaabani. Nikasema, ewe Mola, kama nimemuua mtu kwa kutafuta kura, usinipe hata moja.

Nilifika saa kumi na moja jioni. Mlangoni kandambili za ndugu zimejaa, na hakuna anayelia. Nikaogopa kuamini. Ndani, mama amelala, dripu inatiririka, macho wazi, dada yake anamnywesha uji kwa kijiko. Mtoto amefungwa kwenye kanga, ananyonya ngumi yake.

Zawadi alikuwa chini sakafuni, mgongo ukutani, gauni la kazi limekauka damu mpaka viwikoni. Hakuinuka.

"Nilihesabu mpaka elfu moja mia tatu," akasema. "Mkono ulikufa ganzi, nikahesabu tu. Nilikuwa naisikia sauti yako, ile ya kwenye gunia. *Bana, usiachie.* Nikasema huyu dada hata simu ikikatika haninyamazii. Halafu mji wa mimba ukakaza, Sista. Chini ya mkono wangu. Ukawa mgumu kama chungwa."

Nikakaa naye sakafuni.

"Zawadi, zile picha hukutuma wewe. Nimejua tangu Jumamosi ile. Nilinyamaza."

"Najua ulijua. Ghafla ukawa unanipikia chai."

Tukacheka, kisha yeye akalia, nami nikamwacha alie.

Alhamisi, 30 Aprili

Kwenye kundi: *Mgombea aliacha kituo, mzazi nusura afe.* Sijui nani kaandika. Kura za Nyamwage zinayumba, wamenipigia wawili. Haruna anataka kwenda kupigana na mtu yeyote, hajachagua nani.

Jumamosi, 9 Mei

Mvua, mvua, mvua. Watoto watatu kwa siku mbili, wazima wote.

Jumamosi, 16 Mei

Ukumbi wa kukodi, Kibiti. Wapigakura hamsini na wanane. Zawadi nimemwacha kituoni peke yake, na safari hii sikumwachia maagizo.

Dakta Ridhiwani alizungumza vizuri. Wafadhili, viwango, cheti cha kimataifa. Akapigiwa makofi. Nikapanda mimi, nikasema nataka wanasesere watoke stoo, wazunguke vituo vyote, mwezi mmoja kila eneo. Ndipo mkono ukanyanyuliwa safu ya mbele. Matroni Hadija. Akasimama kwa kujishika kitini.

"Tarehe ishirini na saba Aprili, mgombea alikuwa wapi?"

Nilikuwa nimeandaa maneno ya kujitetea. Yakanitoka yote kichwani, nikashukuru.

"Nilikuwa Mahege, naomba kura. Na zahanati kwangu mama alikuwa anavuja damu. Sikuwepo, Matroni. Aliyekuwepo ni nesi asiyetimiza mwaka kazini, peke yake, simu imekatika, boti limekwama. Alimbana yule mama kwa mikono miwili mpaka damu ikakoma. Mama yuko hai, mtoto yuko hai. Nesi huyo hajawahi kuona mwanasesere wenu. Alijifunza kwa gunia."

Mtu mmoja nyuma akaanza kucheka, akaacha.

"Mmenicheka sana kwa gunia, nami nawauliza. Mkufunzi ambaye lazima awepo ndipo mgonjwa apone, kamfundisha nani? Wewe ukitoka kituoni kwako leo, anayebaki mikono yake inajua? Kama inajua, mchagueni Dakta, hamnihitaji. Kama haijui, na wanasesere wako stoo, basi mnafanya nini na hivyo vyeti?"

Nikashuka. Makofi hayakuwa mengi. Matroni aliketi taratibu, hakunitazama.

Bwana Mtoro akahesabu mbele yetu, kura moja moja, akiinua kila karatasi. Dakta Ridhiwani ishirini na nane. Mwamini Abubakary thelathini.

Haruna alikuwa nje ya dirisha. Nilisikia kelele yake kabla ya makofi ya ukumbini.

Jumanne, 19 Mei

Dakta hapokei simu. Ufunguo wa stoo anao yeye. Ameniandikia kuwa makabidhiano yatafanyika *kwa utaratibu*. Nimemwuliza utaratibu una tarehe gani. Kimya.

Ijumaa, 22 Mei

Niliondoka na Haruna alfajiri. Saa tatu nilikuwa nimekaa kwenye ngazi ya stoo, nyuma ya ukumbi. Bwana Mtoro akaja na daftari lake, akakaa ngazi ya chini yangu bila kuulizwa. Wakaja wauguzi wa Mahege, sita. Wakaja wawili wa Nyamwage. Mlinzi akatuuliza tunataka nini. Nikamwambia hatutaki kitu, tumekaa.

Baada ya swala ya Ijumaa Dakta Ridhiwani akaja, kanzu nyeupe, kofia mkononi. Alituangalia mmoja mmoja. Akatoa ufunguo, akafungua mwenyewe.

Makasha matatu. Moja limefunguliwa. Mawili yamebandikwa utepe wa kiwandani, haujakatwa, tarehe ya miaka minane iliyopita. Vumbi lake ungeweza kuandika jina.

Bwana Mtoro akainakili tarehe hiyo. Dakta akasema, kwa sauti ndogo: "Niliogopa, Sista. Walituambia akiharibika hawataleta mwingine."

"Hawakuharibika, Dakta," nikasema.

Akainamisha kichwa.

Nilikata utepe kwa wembe. Nikamtoa mwanasesere wa kwanza, nikamlaza kwenye benchi la varanda, pale pale, Bwana Mtoro akiandika. Nikajaza damu yake. Nikasema tunaanza sasa, wala hatusubiri ukumbi. Nikaingiza ngumi, nikaweka mkono wa pili juu ya tumbo, nikaanza kuwaonyesha.

"Mkono wa juu haujafika."

Ilikuwa sauti ya Matroni Hadija. Amesimama kwenye ngazi, mtandio umelowa, sijui tangu saa ngapi.

"Gunia lako ni dogo kuliko mtu," akasema. "Limekuzoesha kuishia mbele. Peleka mkono nyuma ya mji wa mimba, ndiyo ubane."

Wote wakanitazama. Damu ya bandia ilikuwa inaendelea kutiririka benchini. Nikapeleka mkono wa juu nyuma zaidi, nikabana. Ikakoma.

Alikuwa sahihi. Mafunzo arobaini na saba, na hakuna aliyewahi kuniambia.

"Njoo uwaonyeshe, Matroni," nikasema.

Akapanda ngazi, akakunja mikono ya gauni. Vidole vyake vinatetemeka kwa uzee, lakini ngumi ilikaa palipotakiwa mara moja. Wauguzi wakamzunguka, wakaanza kuhesabu kwa sauti. Dakta Ridhiwani, na kanzu yake nyeupe, alikuwa amesogea karibu ili aone.

Sijamsamehe Matroni. Nimemwandika wa kwanza kwenye orodha ya wakufunzi wa Juni.